Uwanja wa Bure, Watoto na Mbwa Waliochanjwa

Msikilizaji wangu wa Nyansurura, na wewe uliye Mugumu, Tarime mjini, Nyamongo, Sirari na kokote sauti hii inakokufikia, nisikilize. Sogeza kigoda, punguza moto jikoni usije ukaunguza mboga, tuzungumze.

Leo nina habari ya mahali pa kupumzika. Mahali pa bure, pa watu wote, ambapo baba, mama, bibi na watoto wanaweza kwenda Jumapili baada ya ibada wakakaa kivulini, watoto wakacheza, wazee wakapiga soga, na mbwa wa nyumbani akaja nyuma yao bila mtu yeyote kushika fimbo kwa hofu.

Wapo watakaouliza: sisi watu wa shamba na ng'ombe, bustani ya kupumzikia ya nini? Si tumezungukwa na nchi nzima? Swali hilo ni zuri, na jibu lake liko barabarani. Tembea leo kutoka kijiji kimoja hadi kingine uhesabu viwanja vya wazi vilivyobaki. Pale palipokuwa malisho pamelimwa mihogo na mahindi. Pale vijana walipokuwa wakipiga mpira pamechimbwa msingi wa nyumba. Kiwanja cha shule kimepunguzwa upande huu na ule, na mkuyu mkubwa waliokuwa wakikutania wazee umekwisha kuwa mkaa. Watoto nao wanacheza barabarani, bodaboda zikiwapita ubavuni.

Mwingine atasema: tuna Serengeti hapa mlangoni. Kweli, tuna jirani mkubwa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na dunia nzima hupanda ndege kuja kuiona. Lakini hifadhi hiyo ina lango, ina kiingilio, na inataka gari. Familia ya mkulima haiwezi kuamka Jumapili ikasema twende tukapumzike Serengeti kwa miguu. Tena mle ndani mbwa haruhusiwi kabisa, awe na kamba au asiwe nayo. Sababu yake nitaieleza baadaye, maana inatuhusu sisi wenyewe.

Kwa hiyo uwanja wa bure tunaoutaka lazima tuutenge sisi, kwenye ardhi yetu. Na sheria iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayotumiwa na watu au familia, na ardhi ya akiba inayoweza kugawiwa baadaye. Halmashauri ya kijiji hupendekeza ni eneo lipi liwe la pamoja, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha. Mkutano mkuu maana yake ni mimi na wewe, kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hauhitaji kibali cha mfadhili wala fedha ya kujenga ukuta. Unahitaji watu waliohudhuria, muhtasari ulioandikwa vizuri, na eneo lililoingizwa kwenye daftari la ardhi ya pamoja. Eneo lisiloandikwa huliwa kidogo kidogo, hatua mbili mwaka huu, hatua tano mwakani, mpaka siku moja mnakuta pana uzio.

Wenzetu wa mjini wamelijua hilo kwa jasho. Mwaka 1989 jijini Nairobi ulipangwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo wananchi wa kawaida walikuwa wakienda na watoto wao bila kulipa. Mama Wangari Maathai alisimama akaandika barua, akatukanwa bungeni, akaambiwa mengi yasiyofaa, lakini hakurudi nyuma, na jengo halikujengwa. Zanzibar nao wana Forodhani, mbele ya bahari, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jioni utakuta pale tajiri na mchukuzi wamekaa ukuta mmoja wanapunga upepo. Kinachozifanya bustani hizo ziwe na thamani ni kwamba hakuna anayeulizwa mfukoni ana nini.

Sasa basi, msikilizaji, nimesema uwanja wa watu wote. Na kwetu sisi, watu wote ni pamoja na mbwa. Tusidanganyane. Mkoa wa Mara ni mkoa wa mifugo, na mwenye zizi ana mbwa. Mbwa ndiye anayebweka fisi anaponyemelea ndama usiku wa manane. Ndiye anayemsindikiza kijana machungani na kurudi naye jua likizama. Familia ikitoka, mbwa naye anatoka. Ukitenga uwanja wa wazi, mbwa watakuwepo. Swali ni moja tu: mbwa hao ni salama kwa mtoto anayecheza pale?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Uwanja wa bure hauwezi kuwa wa wote kama mama anaogopa kumpeleka mwanawe kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonesha dalili kwa binadamu, akaanza kuogopa maji, akaanza kuweweseka, hakuna hospitali itakayomrudisha. Ni kifo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa 99 katika kila 100 vya ugonjwa huu kwa binadamu vinatoka kwa mbwa, na watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao ndio wanaocheza uwanjani.

Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba watu kama 1,500 walikuwa wakifa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, idadi iliyo karibu mara 100 ya vifo vilivyokuwa vikiandikwa kwenye vitabu vya serikali. Kwa nini tofauti kubwa namna hiyo? Kwa sababu mgonjwa anafia nyumbani. Kwa sababu watu wanasema karogwa, au ni malaria imepanda kichwani. Anazikwa, na hakuna anayeandika.

Lakini ndugu yangu, habari njema nayo ni ya hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 1996 na 2001, katika Wilaya ya Serengeti hii hii, mbwa wa vijijini walichanjwa kwa kampeni zilizorudiwa, na kila kampeni iliwafikia zaidi ya mbwa sita katika kila kumi. Watafiti wakafuatilia. Baada ya kampeni ya kwanza, visa vya kichaa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili, vilipungua kwa asilimia 97. Na watu waliokuwa wakifika hospitali wameumwa na mbwa wanaoshukiwa nao wakapungua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003, na wataalamu wa nchi nyingine wamejifunza kutokana nayo. Sisi tuliofanya kazi hiyo tusiisahau.

Tuulize: chanjo ya mbwa inawezaje kufanya kazi kubwa hivyo bila kumfikia kila mbwa? Watafiti waliofuatilia kila tukio la kuumwa katika Serengeti na Ngorongoro waligundua kwamba mbwa mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mwingine mmoja na kidogo tu. Wengine hawaambukizi yeyote, wachache huambukiza wengi. Ukiwachanja mbwa wa kutosha, yule mgonjwa anauma mbwa aliyekingwa, na mnyororo unakatika. Ndiyo maana lengo linalotajwa ni mbwa 7 katika kila 10. Lakini mbwa wetu hawaishi miaka mingi. Huyu kagongwa na gari, yule kaliwa na chui, na pale kwa jirani wamezaliwa watoto sita. Ukichanja leo mbwa saba katika kumi, baada ya mwaka mmoja wenye kinga watakuwa wachache zaidi. Kwa hiyo chanjo lazima irudiwe kila mwaka, na watoto wa mbwa wapelekwe pia. Usimwache kitoto nyumbani kwa kusema bado mdogo. Shirika la Afya Duniani linataka mbwa wa umri wowote wachanjwe.

Sasa nieleze niliyoahidi kuhusu hifadhi. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, unaoitwa distempa, uliingia kwa simba wa Serengeti. Simba walionekana wakitetemeka na kuanguka kwa kifafa, na karibu thuluthi moja ya simba wa mfumo ule walikufa. Baadaye wataalamu walionesha kwamba virusi vya distempa vinaweza kuzunguka hata kwa wanyama wengine, kwa hiyo mbwa wetu si chanzo pekee. Lakini tukio lile lilionesha kwamba kinachomwuma mbwa wa kijijini kinaweza kumfikia mfalme wa nyika. Mbwa mwitu nao walitoweka kabisa katika nyanda za Serengeti mwaka 1991, na kichaa cha mbwa ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Tangu mwaka 2012 juhudi za kuwarudisha zimefanyika. Ndiyo maana mbwa haruhusiwi kuingia hifadhini, na ndiyo maana chanjo ya mbwa wa kijijini ni kazi ya kulinda binadamu na wanyamapori kwa pamoja.

Hebu niielezee siku ya chanjo kwa yule ambaye hajaiona. Tangazo hutolewa siku moja au mbili kabla, kwa gari lenye spika au kwa barua za shule. Asubuhi watu wanaanza kuja kiwanjani. Wengi ni watoto. Huyu kamfunga mbwa wake kwa kamba ya katani, yule kwa mnyororo wa baiskeli, mwingine kwa kanga kuukuu aliyoikunja mara nne. Mbwa wakubwa wanaguna, wadogo wanajificha miguuni mwa wenyewe. Daktari wa mifugo au mchanjaji amesimama na sindano, kando yake mtu wa kuandika: jina la mwenye mbwa, kitongoji, rangi ya mbwa, dume au jike. Kijana wa miaka kumi anapiga goti, anamkumbatia mbwa wake shingoni, anamwambia tulia, tulia, sindano inaingia ubavuni, imekwisha. Anapewa cheti, anakikunja mara mbili na kukitia mfukoni kama aliyepata zawadi.

Mnaona, ndugu zangu? Ile siku ndiyo siku ya uwanja wa bure. Familia zimekuja, watoto wamekuja, mbwa wamekuja, watu wamezungumza na majirani ambao hawajaonana tangu mavuno. Hakuna aliyelipa. Ninachosema ni kwamba siku hiyo isiwe moja kwa mwaka halafu kiwanja kirudi kuwa shamba la mtu. Kitengwe, kibaki, na kiwe mahali pa chanjo ya kila mwaka na mahali pa kupumzika siku nyingine zote.

Tatizo la zamani lilikuwa friji. Chanjo ilionekana lazima ikae kwenye baridi muda wote, na vijiji vingi havina umeme wa uhakika. Sasa utafiti uliofanyika kwa mbwa wa vijijini hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2016, umeonesha kwamba chanjo iliyotumika katika utafiti huo ilikaa miezi sita kwenye joto la nyuzi 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30, na bado ikamkinga mbwa. Kutokana na hilo vikatengenezwa vyungu vya udongo vya kutunzia chanjo kijijini, vinavyopoza kwa maji yanayopenya kwenye udongo na kukaushwa na hewa, kama mtungi wa maji ya kunywa wa bibi zetu. Mkoa wetu wa Mara ni mmoja wa maeneo ambako mpango huo umejaribiwa: mchanjaji akae kijijini, chungu kikae kijijini, mbwa aliyekosa siku ya kampeni achanjwe wiki inayofuata bila kusubiri gari kutoka wilayani. Ni kazi yenye akili, na fundi wa vyungu naye amepata sehemu yake.

Na isidhaniwe kwamba mafanikio yakipatikana basi. Tuangalie Pemba. Kisiwa kile kilichanja mbwa wake mpaka kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi, kwa virusi vilivyoletwa kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikatoweka tena. Kama kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa, sisi tulio kwenye barabara ya Sirari, na mpaka wa Kenya hatua chache, tutajilindaje bila kuchanja kila mwaka?

Haya. Tuseme tumetenga uwanja, tumechanja mbwa. Tukienda pale na familia, tuishi vipi?

Kwanza, mbwa aje na kamba, na kamba ishikwe na mtu mwenye nguvu za kumzuia. Mbwa mkali wa zizi, aliyezoea kupambana na fisi, abaki nyumbani kulinda. Si kila mbwa wa kutembezwa kwenye watu.

Pili, tuwafundishe watoto. Usimguse mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha. Mbwa asiyejulikana akikusogelea usikimbie, simama wima, mikono chini, usimkazie macho, mpaka aondoke. Usimrushie mawe mbwa wa mtu kwa mchezo.

Tatu, usafi. Mbwa akijisaidia uwanjani, mwenyewe achukue jembe afukie mbali na pale watoto wanapokaa, maana mayai ya minyoo hubaki kwenye udongo. Na hapa niseme na wachinjaji wetu. Msiwatupie mbwa maini na mapafu mabichi yenye vifuko vya maji. Vifuko hivyo vina mnyoo anayekua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake yakampata mtoto na kumwotesha uvimbe kwenye ini au mapafu. Vichomwe moto au vifukiwe shimo refu.

Nne, na hili naomba kila mwenye redio amwambie asiyekuwa nayo. Mtu akiumwa au hata akikwaruzwa na mbwa, awe wa nyumbani au wa njiani, mwoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Usipake tumbaku, pilipili, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo, na amalize sindano zote alizoandikiwa, hata kama kidonda kimekauka. Kidonda kukauka si kupona kichaa. Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu, wiki kadhaa, pengine miezi, na wakati huo ndio wa kumwokoa mtu. Mpe taarifa na afisa mifugo. Na mbwa akianza kutoa udenda, sauti ikabadilika, akauma magogo na mawe, au akalegea taya asiweze kumeza, mfungie mbali na watu, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa.

Ndugu zangu, tarehe 28 Septemba kila mwaka dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Ni tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa aliyemchanja mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, na mtoto akaishi. Miaka mingi imepita tangu hapo, na chanjo ipo. Kuendelea kuzika watoto kwa ugonjwa huu ni kukubali jambo ambalo tunaweza kulikataa.

Naomba mambo mawili, na nayaomba kwa moyo wote. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wajumbe wa halmashauri: kwenye mkutano mkuu ujao, wekeni ajenda ya uwanja wa wazi. Pimeni eneo, pandeni miti ya kivuli pembeni, liandikwe kwenye daftari la ardhi ya pamoja, na watu wasomewe muhtasari kabla ya kutawanyika. Na wewe mwenye mbwa, mmoja au watano, siku ya chanjo ikitangazwa usimtume mtoto peke yake na mbwa asiyeweza kumzuia. Nenda mwenyewe, peleka mbwa wote pamoja na vitoto vyao, chukua cheti ukitunze. Ukishafanya hivyo, mtoto wa jirani yako atacheza kwa amani, na wa kwako vilevile. Tukutane kiwanjani.